Nyuma ya Kidole

Ijumaa sifungui duka la vipuri.
Napanda baiskeli kabla ya jua, naiacha Ngamiani
na mitaa yake ya namba, napita Kange,
simu mfukoni, mkate wa ajemi kwenye keria,
mpaka Pongwe, ambako mkonge umepangwa
kama kichwa cha mtoto aliyesukwa na shangazi mkali:
mstari, mstari, mstari,
hakuna unywele uliotoroka.

Siku ile ukungu ulikuwa bado umelala.
Milingoti ya mkonge imechomoza juu yake,
na mbali kabisa Usambara, buluu juu ya buluu.
Nikapiga. Nikapiga tena. Nikapiga magoti
kwenye umande, suruali ikalowa,
nikapiga.

Usiku nikaikata.
Kushoto palikuwa na ukuta uliomenyeka,
kamba ya nguo, kipande cha bomba.
Uchafu, nikasema. Kidole kikasukuma,
ukabaki mlima, ukungu, mistari.
Nikawatumia wenzangu, watu mia na kitu
tusiojuana sura,
tunaojuana kwa mabonde tuliyopita.
Semkiwa wa Mwanza akasema: hatari.
Kijana wa Njombe akauliza simu gani hiyo.
Makofi yakaja, ile mikono ya manjano
isiyotoka jasho.
Nikalala nimeshiba.

Asubuhi, chini ya sifa zote,
mtu ambaye hajawahi kuandika neno:
Mwanamvua Shekiondo, muuguzi mstaafu, Sumbawanga.
"Mwanangu, hapo kushoto ulipoishia,
lile bomba la kambini bado linatoa maji?"

Nilisoma nimesimama, mswaki mdomoni.
Amejuaje? Hakuna bomba pale.
Hakuna hata kivuli cha bomba.
Kumbe wapo wanaoitazama picha
kama unavyopita mbele ya nyumba uliyohama:
huitazami nyumba,
unamngoja aliyekuwa akitoka mlangoni.

Ijumaa iliyofuata nikarudi. Pancha, Maweni.
Mimi, mwenye duka la vipuri, sina kiraka!
Nikafika saa saba, jua limesimama utosini,
rangi zote zimekufa.
Bomba lipo.
Nikafungua koki. Likakohoa. Likatoa kutu,
kisha nyigu mmoja,
kisha basi.
Mbuzi kafungwa hapo kwa kamba ya katani,
ananitazama kama mwenye nyumba
aliyedaiwa kodi na mpangaji.

Nikapiga. Kivuli cha kichwa changu
kikaingia, kikalala juu ya zege
panapowekwa ndoo. Sikukikata.
Nikatuma ilivyo, bila neno.

Hakuna aliyepiga makofi.
Siku ya kwanza. Ya pili. Nikaanza kujilaumu:
nani kanituma kumpelekea mtu ukame wake?
Ya tatu, usiku, akajibu:
"Mbuzi wa nani huyo? Kanenepa.
Mama alikuwa akitutuma hapo saa kumi alfajiri.
Foleni ya ndoo haisogei, mimi nalala juu ya lile zege.
Ni hapo hapo kichwa chako kilipo."

Halafu akatuma picha. Yake ya kwanza.
Imepinda. Dirisha, ukingo wa kilima,
anga la Ufipa, pana, lisilo na habari na bahari,
na nusu nzima imezibwa na kidole chake,
chekundu, kikubwa kuliko kilima.

Wengine walicheka. Semkiwa, kwa nia njema,
akamwelekeza namna ya kushika simu.
Mimi nilikuwa nafunga duka,
grisi mpaka kwenye kucha.
Nikajifuta kwa kitambaa, nikaikuza
ile nusu nyekundu, nikaikuza,
hakuna kilichotokea ila wekundu.
Nikamwandikia:
Bi Mwanamvua, shikamoo.
Hapo nyuma ya kidole
kuna nini?